Shajara ya mradi: zinki kwenye nguzo za banda la kayabo, Igombe, Mwanza

Kabla chuma hakijafika karakana

Wadau habari za kazi. Huu mradi nimeamua niuandike hatua kwa hatua maana nimechoka kusikia kila banda la chuma likioza huku ufukweni lawama linapewa ziwa. Anzia Mwaloni Kirumba uje mpaka huku Igombe, utakuta nguzo juu nzima kabisa, chini pale zinapokutana na sakafu unaingiza kidole, na mwenye banda anakwambia "ndo maji ya ziwa hayo fundi". Mi hapo huwa nabisha. Ziwa Victoria ni maji baridi, chumvi yake ndogo sana, yanapitisha umeme kiasi cha maikrosimensi 100 hivi kwa sentimita wakati bahari iko kwenye 50,000, sasa kutu ya kutoboa pleti inatoka wapi? Inatoka kwenye kayabo yenyewe. Sangara anapasuliwa, anashindiliwa chumvi, anapangwa, usiku kucha maji yake yanachuruzika yanaenda kutuama kwenye mguu wa nguzo. Ziwa halina hiyo chumvi, tumeibeba wenyewe kwa magunia.

Kazi yenyewe ni hivi: mama mmoja mwenye banda la kayabo analipanua. Kuna nguzo mpya za chuma cha I, kenchi za ango (chuma cha umbo la L), paulini (vyuma vya kubeba bati), halafu kuna nguzo 4 za banda la zamani ambazo kasema haitupwi hata moja, "kile chuma kizito mwanangu, siku hizi hakipo". Na kusema ukweli ana hoja, ukiacha pale chini palipoliwa, chuma chenyewe ni kinene kuliko hivi tunavyouziwa sasa hivi. Banda la zamani lilipakwa redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mkono mmoja juu ya chuma kilichosuguliwa brashi ya waya, basi. Redoksaidi sio mbaya, kwenye grili za dirisha huko Nyakato inakaa miaka, ila kwenye maji ya chumvi ikishachubuka sehemu moja tu kutu inaingia kwa chini na kuanza kutembea, rangi juu unaiona nzima kumbe chini kuna unga.

Kwenye ISO 12944, viwango vya kimataifa vya kulinda chuma kwa rangi, mazingira yamepangwa kwa madaraja ya C, namba ikipanda kutu ni kali zaidi. Hewa ya huku ufukweni ningeiweka C3, ila ndani ya banda la kayabo naihesabu C5 na sitaki ubishi. Chuma kitupu kwenye C3 kinapoteza maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 25 mpaka 50 mwaka wa kwanza, kwenye C5 ni 80 mpaka 200. Zinki kwenye hiyo hiyo C5 inapoteza 4.2 mpaka 8.4 tu. Hiyo namba ya mwisho ndo iliyonipeleka kwenye praima ya zinki, yani rangi ya kwanza kabisa inayogusa chuma.

Kuchagua praima

Mama aliuliza swali la maana kabisa, kwanini tusichovye galvanaizi tukamaliza. Kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka ya nyuzi 450 ni kitu kizuri, chuma cha milimita 6 kwenda juu kinatoka na zinki ya wastani wa maikroni 85, inashika kweli kweli. Tatizo nguzo ni ndefu, kuzipakia kwenda kuchovywa na kuzirudisha kungemeza hela ya paa lote, na bado saiti kuna sehemu tungechomelea tukaiunguza hiyo zinki. Kwahiyo praima.

Niseme kidogo inavyofanya kazi maana ndo inaamua kila kitu kinachofuata. Zinki na chuma vikigusana pakawa na unyevu, zinki ndo inaliwa kwanza, kwenye jedwali la volti yenyewe iko -0.76 na chuma kiko -0.44. Ni kama mdhamini kwenye vikoba, mkopaji akikwama anakatwa mdhamini. Ila mdhamini lazima awe amesaini. Chembe za zinki lazima ziguse chuma kitupu, na ziguse zenyewe kwa zenyewe, ndo umeme unapita. Kati ya zinki na chuma kukiwa na kutu, grisi au redoksaidi ya zamani, hakuna mkataba hapo, umepaka rangi ya kijivu tu ya bei mbaya. Ndo maana pia ISO 12944 inataka zinki isipungue asilimia 80 ya uzito kwenye rangi ikishakauka, ikipungua sana gundi inazifunika chembe moja moja na hazigusani.

Familia ziko 2 kubwa kwa aina ya gundi inayoshika zinki, zinki silikati (gundi ya jamii ya kioo) na zinki epoksi (gundi ya plastiki ya kuchanganya na kichocheo). Silikati ndo babu yao na ina historia nzito. Australia kuna bomba la maji la Morgan kwenda Whyalla, lilimalizika 1944, lilipakwa zinki silikati ya kuchomwa kwa moto na limedumu miongo na miongo. Daraja la Golden Gate kule San Francisco nao 1965 walianza kuondoa rangi ya zamani ya risasi wakaweka praima ya zinki silikati, kazi ikawachukua mpaka 1995. Sasa mtu akisoma hivyo anasema basi na sisi silikati. Subiri kwanza. Silikati inakauka kwa kunywa unyevu wa hewani, kiangazi huku mchana upepo ukiwa mkavu inaweza ikakaa tu bila kukomaa mpaka uilowanishe. Ukiipiga nene, ikapita maikroni 125 hivi, inapasuka kama tope. Na ikichubuka saiti kuirekebisha kwa yenyewe ni shida, haipendi kujishika. Mi najua hizi nguzo zitaburutwa, zitapigwa nyundo, zitachomelewa, kwahiyo nikachagua zinki epoksi ambayo hata kwa brashi unaweza kuziba jeraha.

Mfumo wetu: zinki epoksi maikroni 60, juu yake epoksi ya kati yenye oksidi ya chuma ya vibamba maikroni 140, juu kabisa poliyurethani, rangi ngumu ya nje, maikroni 60. Jumla 260.

Kuna mtu aliniuliza kwanini mkono wa kati uwe mnene hivyo kama zinki ndo askari. Jibu liko kwenye ile namba ya 100 ya maji ya ziwa kupitisha umeme. Zinki inalinda mkwaruzo kwa kupitisha umeme kwenye maji yaliyotanda juu ya chuma, sasa maji ya umande au ya ziwa yanapitisha umeme kidogo, kwahiyo zinki inafika karibu tu, mkwaruzo mwembamba inaulinda, ila sehemu kubwa iliyochubuka katikati yake haifiki. Pwani Tanga zinki inarusha mkono mbali kidogo ila inaisha haraka. Huku kwetu, pale maji ya kayabo yasipofika, inadumu ila mkono mfupi. Ndo maana rangi za juu lazima ziwe nzito, ili hayo majeraha makubwa yasitokee.

Makopo kwenye mizani ya samaki

Hili nimeliweka peke yake maana litawaokoa watu hela. Duka moja mjini walitutolea kopo la lita 5 limeandikwa zinki kubwa kubwa, nikalinyanyua nikaona mbona jepesi. Zinki uzito wake ni zaidi ya mara 7 ya maji, praima yenye zinki ya kweli ikishachanganywa inakuja karibu kilo 2 na nusu kwa lita, lita 5 ni kilo 12 na kitu. Tukaliweka kwenye mizani ya samaki ya mama, halikufika hata kilo 7. Hiyo ni rangi ya kijivu yenye harufu ya zinki. Tukarudisha, maneno yakawa mengi kidogo, tukaagiza kwingine yenye karatasi ya kitaalamu inayosema asilimia ya zinki kwenye rangi kavu. Kama muuzaji hana hiyo karatasi, we mwambie akuletee mizani.

Kona na maungio

Wiki hii grenda tu. Chuma kipya kina kona kali kutoka kiwandani na rangi haipendi kona, ikiwa mbichi inajivuta kwenda pembeni, ukija kupima kwenye flati una 60 na kwenye ncha una 20. Vijana wamezungusha kona zote zifike mviringo wa milimita 2 hivi, wametoa matone ya welda, wamejaza vishimo vya maungio, na sehemu ambazo welda aliruka ruka akiacha nafasi nimemwambia arudie azibe mwanzo mwisho, maana maji ya kayabo yakiingia kati ya ango 2 zilizobanana hakuna rangi itakayoyafuata humo ndani.

Grisi na mafuta tumeosha kwa sabuni na maji kabla ya chochote. Ukiblasti (kukipiga kwa chembe kali zinazorushwa na hewa ya presha) chuma chenye mafuta unayapigilia ndani tu.

Kublasti, na zile nguzo 4

Nguzo mpya hazikutupa shida. Kompresa kubwa la kukodi, bar 7 kwenye nozeli, chembe za ganeti, tukapata daraja la usafi la Sa 2½, yani chuma cheupe kinachong'aa na vivuli vidogo tu vilivyobaki. Ukipitisha kucha unasikia inakwaruza, ule ukali ndo zinki inashika, tulikuwa tunatafuta maikroni 40 mpaka 75. Kabla ya kuanza tulipuliza hewa tupu kwenye kitambaa cheupe kama dakika moja kuangalia kama kompresa linatema mafuta au maji, maana hewa chafu inaharibu kazi safi.

Kuna kijana alitaka tutumie mchanga wa ufukweni, upo bure. Hapana bana. Ule mchanga kwanza ni wa mviringo haukwaruzi vizuri, pili vumbi lake la silika likiingia kwenye mapafu halitoki, huo ugonjwa hauna dawa. Hata kwa ganeti mpigaji kavaa kofia ya kupitisha hewa, na wengine wote wamekaa upande upepo unakotoka.

Sasa nguzo za zamani. Jioni tumezipiga zimetoka nyeupe nzuri kabisa, mama mwenyewe akapita akasema "eeh, kumbe zilikuwa hivi". Fundi wa kupuliza akataka tupige zinki usiku huo kwa taa, nikamwambia kaka tulia, hizi zimelala kwenye chumvi miaka. Tukazifunika zikalala ndani. Asubuhi nguzo mpya ziko vile vile, za zamani zina madoa madoa meusi na ya kahawia, na yote yako ndani ya vishimo vya kutu ya zamani. Hiyo ndo chumvi inajitangaza. Inabaki chini kabisa ya kishimo, inavuta unyevu wa usiku, inaanza kutu upya mahali pale pale. Ganeti kavu haiifikii, inafunika mdomo wa kishimo tu. Tungepaka zinki ile jioni chumvi ingebaki chini ya rangi, na rangi yoyote inapitisha maji kidogo kidogo, chumvi inayavuta, ndani ya muda malengelenge yanatokea.

Dawa yake ni maji. Maji ya bomba kwa mashine ya presha, sio ya ziwa maana yana mwani na tope, tukaosha sana pale chini mita ya kwanza kutoka mguuni. Chuma kikageuka rangi ya chungwa mbele ya macho, vijana wakashtuka wanadhani kazi imeharibika, sio, ndo inavyotakiwa. Kikakauka, tukablasti tena. Halafu tukapima kwa kile kibandiko cha Bresle, unabandika kwenye chuma, unaingiza maji safi kwa sindano, unayavuta na kuyarudisha, unapima yanapitisha umeme kiasi gani, unajua chumvi iliyobaki. Spesi nyingi za kazi za kawaida zinataka isizidi miligramu 50 kwa mita mraba, kazi ngumu 20. Nguzo 3 zikapita vizuri. Ya nne, ile iliyokuwa karibu na meza ya kupakia chumvi, ikagoma, tukaosha tukapiga tena bado iko juu, nikaona hapa tunabembeleza maiti. Tukakata ule mguu sentimita 60, tukaunga chuma kipya kwa welda. Mama alinuna kidogo kuhusu "chuma kizito" ila akakiangalia kile kipande jinsi kilivyokuwa na mashimo akasema haya endelea.

Umande

Huu ndo utata wa Mwanza ambao mtu wa Dodoma hawezi kuujua. Tuko juu ya usawa wa bahari mita 1,100 na zaidi, usiku wa kiangazi unapoa, na ziwa liko hapo linatoa mvuke. Asubuhi unakuta miamba imelowa na hakuna mvua iliyonyesha. Chuma ndo kinapoa haraka kuliko vyote.

Sheria ni kwamba chuma kiwe juu ya joto la umande kwa nyuzi 3 angalau. Joto la umande ni pale hewa ikishuka inaanza kutoa maji. Mfano wa asubuhi moja saa 1: hewa nyuzi 22, unyevu asilimia 88, joto la umande linakuja karibu 20, kwahiyo chuma lazima kifike 23. Tukapima chuma kiko 20 na nusu. Kwa macho kilikuwa kikavu kabisa, ukigusa kikavu, ila kuna maji pale usiyoyaona. Saa 4 hewa imefika 26, unyevu 65, umande umeshuka 19, chuma kimepigwa jua kiko 28. Hapo piga.

Ila ukichelewa nako shida, kuanzia saa 8 upepo wa ziwani unaamka, unaleta vumbi na unapeperusha rangi. Kwahiyo dirisha letu la kupuliza lilikuwa saa 4 mpaka saa 7 mchana, nje ya hapo tunafanya kazi nyingine. Mwenye kompresa la kukodi alikuwa analalamika tunalilipia likiwa limelala, nikamwambia mzee wangu hela ni yetu, we kunywa chai.

Na baada ya ule usiku mmoja wa kuzilaza nguzo, chuma kilichoblastiwa hakilali tena bila rangi. Kipande tunachoblasti asubuhi ndo tunachopaka mchana ule ule.

Zinki yenyewe

Kwanza mkono wa brashi kwenye kona, maungio, matundu ya bolti na nyuma ya flenji, sehemu zote ambazo bunduki inarukaga. Brashi inaisukuma rangi ndani. Halafu ndo kupuliza.

Kitu cha kushikilia hapa ni kukoroga. Zinki ni nzito, ukiacha ndoo dakika chache tu inashuka chini inakuwa udongo. Mtu akivuta ya juu tu nguzo za kwanza zinapata gundi na za mwisho zinapata unga usioshika, na ukiangalia kwa macho zote kijivu. Dogo mmoja kazi yake ilikuwa kukoroga tu kwa drili yenye pala, haondoki hata kupokea simu. Tumechuja pia kupitia wavu kabla ya kumimina maana kibonge kimoja kinaziba bunduki. Na tulichanganya kidogo kidogo, joto la mchana linafupisha muda wa rangi kugeuka jiwe ndani ya ndoo.

Hesabu ya rangi kwa wanaotaka kupiga bajeti. Yetu ina ujazo mkavu, yani kinachobaki ikishakauka, asilimia 60. Ukitaka maikroni 60 kavu unapiga 100 mbichi, na lita 1 kwa makaratasi inafunika mita mraba 10. Kwa makaratasi. Kwenye ango nyembamba za kenchi nusu ya rangi inapita pembeni inaenda Ukerewe, kwahiyo sisi tuliongeza asilimia 40 juu na haikubaki nyingi.

Fundi wa kupuliza ana mkono mzuri ila siku ya kwanza upepo uliwahi kuamka akawa anasimama mbali, rangi ikawa inakaukia hewani inafika kwenye chuma ikiwa vumbi. Ukipitisha kiganja kinatoka kijivu. Hiyo haijashika, tukaisugua kwa wavu mgumu tukapiga tena, na tukamwekea kizuizi cha turubai. Vipimo kwa geji ya unene wa rangi vilisoma 60 mpaka 85 sehemu nyingi, kwenye kona moja ya kenchi ilifika 130, kwa epoksi naiacha, ingekuwa silikati ningeikwangua.

Tahadhari moja, unga wa zinki uliobaki ukiingiwa na maji usiufunge kwenye kopo, unatoa haidrojeni na kopo linavimba. Acha wazi, mbali na welda.

Rangi ya bluu ya mama

Zinki imekauka, nguzo zote kijivu kama moshi wa pikipiki mbovu, mama anakuja na ndoo 2 za rangi ya mafuta ya bluu. Zilibaki kwenye mtumbwi. "Mwanangu si mpake hii kwanza, tupunguze gharama." Nikamwambia mama, hiyo ikikaa juu ya zinki inageuka sabuni. Akacheka, akadhani natania. Ni kweli kabisa, mafuta ya hiyo rangi na chumvi za zinki vikikutana na unyevu vinafanya kazi ile ile ya kupika sabuni, rangi inaachia vipande vizima kama ngozi ya nyoka unavuta kwa mkono. Juu ya zinki ni epoksi. Hizo ndoo zimepata kazi kwenye milango ya mbao, na rangi ya mwisho ya poliyurethani tumeichagua bluu ile ile ili roho yake itulie.

Mkono wa kati, na wadudu

Zinki ikikaa wazi siku kadhaa kwenye umande inaanza kutoa unga mweupe. Zinki yenyewe iko salama hapo, ule ni utando wa kwanza wa chumvi zake, ila epoksi haishiki juu ya unga, kwahiyo tukaosha kwa maji safi na brashi ya nailoni, tukakausha.

Zinki ina vitundu vidogo na ndani kuna hewa. Ukipiga epoksi nene moja kwa moja hewa inatoka kwa kutoboa na unapata vidoti vidoti kila mahali. Tulipitisha kwanza ukungu mwembamba uliokatwa kwa tina, tukasubiri hewa itoke, halafu mkono kamili. Vidoti vilionekana kwenye paulini chache tu.

Sasa wadudu. Waliokaa ufukweni wanawajua, lile wingu linainuka ziwani linakuja, ukifungua mdomo umekula. Walitukuta epoksi mbichi. Wazee wa hapa Igombe wanasema angalia mwezi mwandamo, na kweli mwezi ulikuwa haujaonekana. Nguzo upande wa ziwani zilipata ndevu. Hapo usipanguse kwa kitambaa, unapaka mabawa kila mahali. Tuliacha ikauke, tukasugua kwa msasa, tukaosha, tukapima na kupiga tena upande huo. Baada ya hapo poliyurethani tuliipiga ndani ya turubai, taa zote zimezimwa kuanzia jioni, maana taa ndo inayowaita.

Kusimamisha

Nguzo zimesimama. Mguu haujakaa sakafuni safari hii, tumeinua kitako cha zege sentimita 30 chenye mteremko, maji ya kayabo yaende kwenye mfereji. Mi naamini hicho kitako kitafanya kazi kubwa kuliko maikroni zozote nilizoziandika huko juu, na kimegharimu mifuko michache ya saruji. Mita ya kwanza kutoka chini imeongezwa mkono mmoja wa epoksi.

Maungio ya saiti tulikwangua rangi sentimita 5 kila upande kabla ya kuchomelea. Welda anayechoma juu ya zinki jioni anatetemeka homa, kichwa, kiu, anadhani malaria. Watu wanakunywa maziwa kujikinga, kunywa kama unayapenda ila moshi unaingia kwa pua sio kwa tumbo, kwangua zinki na kaa upande upepo unakotoka. Baada ya welda tulisugua kwa grenda mpaka chuma cheupe, tukasafisha, zinki epoksi kwa brashi, halafu mikono mingine yote kwa mpangilio ule ule.

Majeraha ya kuburuta na mikanda ya winchi yalikuwa mengi kwenye nguzo za upande wa barabara. Yaliyoishia kwenye epoksi yamezibwa kwa epoksi, yaliyofika chuma yameanza upya na zinki.

Vipimo vya mwisho: chini kabisa tumesoma 235, juu 390, sehemu nyingi kati ya 260 na 300. Kwa kanuni ya kawaida kipimo kimoja kimoja kisishuke chini ya asilimia 80 ya lengo, yani 208, ilimradi wastani ufike lengo lenyewe, tuko salama.

Kilichobaki ni mabomba ya mvua, na vyuma vya ango vya kuzuia matoroli yasigonge nguzo, hivyo navifunga kabla ya vuli. Mama nimemwachia lita 1 ya zinki epoksi na ya epoksi ya kati, vikopo vya kichocheo vimefungwa pembeni, na kijana wake mmoja nimemfundisha kuchanganya na kukwangua mpaka chuma cheupe. Masika yakiisha narudi na geji na kibandiko, naanzia ile nguzo iliyoungwa mguu.